Fumbo la Haki na Fumbo la Dhuluma: Chemshabongo ya Magazeti ya Kiingereza Machoni pa Mhakiki

Makala haya yanahusu kitu ambacho wenzangu wengi katika idara yetu hawakihesabu kuwa fasihi, yaani ile miraba myeupe na myeusi iliyo katika kurasa za nyuma za magazeti ya Kiingereza, ambayo sisi huiita chemshabongo. Najua kuna atakayeuliza: fani i wapi hapo, na maudhui yako wapi? Nitajibu. Lakini nitoe dai langu mapema, ili anayetaka kubisha apate muda wa kujiandaa. Ninadai kwamba historia ya chemshabongo ya mafumbo huko Uingereza, kuanzia miaka ya 1920, ni historia ya ugomvi mmoja tu: mtunzi ana haki ya kumficha msomaji kwa kiasi gani? Ugomvi huo ni wetu pia. Tumeubeba tangu washairi wa mapokeo na washairi wa usasa walipoanza kurushiana maneno, na hadi leo haujesha. Tofauti ni kwamba wenzetu wa magazetini waliukalia kitako, wakaandika sheria, kisha wakaanzisha uhakiki wa kuzilinda sheria hizo. Sisi bado tunaitana majina.

Nianze na chombo chenyewe. Kuna chemshabongo za aina mbili. Ile ya kwanza ni nyepesi: unaulizwa mji mkuu wa nchi fulani, unajaza, basi. Hiyo siizungumzii. Ya pili ndiyo hii ya mafumbo. Kidokezo chake kina sehemu mbili zilizoshonwa pamoja hata mshono usionekane. Sehemu moja ni maana ya jibu, kama ambavyo kamusi ingeitoa. Nyingine ni mchezo wa maneno unaolifikia jibu lilelile kwa kupitia mlango wa uani. Sentensi nzima ukiisoma harakaharaka inasema jambo jingine kabisa, na jambo hilo ni la kukupoteza njia. Hebu nitunge vidokezo vitatu kwa Kiswahili, maana bila mifano tutakuwa tunapiga soga tu.

Mji wa kale ndani ya kalamu (herufi 4). Msomaji anaanza kuwaza historia iliyoandikwa, anawaza utenzi. Kumbe hakuna haja. Tazama neno kalamu lenyewe, herufi zake nne za mwisho: LAMU.

Usiende, ewe kiumbe wa ufuoni (herufi 3). Hapa pande zote mbili ni maana. Asiyekwenda anakaa, na kiumbe wa ufuoni ni kaa. Jibu ni KAA.

Samaki aliyevurugwa, chombo cha fundi nguo (herufi 6). Chukua neno samaki, vuruga herufi zake, upate MAKASI. Mjanja mmoja chumbani kwetu alisema upesi kwamba herufi hizohizo zinatoa pia neno kamasi. Ni kweli kabisa! Lakini fundi nguo hakati kitambaa kwa kamasi, kwa hiyo maana ndiyo inayoamua. Na hili ndilo la kuzingatia. Kidokezo kinaleta mashahidi wawili ambao hawakukaa pamoja, na ushahidi wao unapolingana, mfumbuzi anajua kwamba amefika. Haendi kuuliza kwa mtunzi. Hangoji gazeti la kesho. Ni maandishi mangapi katika fasihi yanayompa msomaji uhakika wa namna hiyo?

Sasa historia. Aliyeanza ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi katika gazeti la New York World huko Marekani. Tarehe 21 Desemba 1913 alichapisha fumbo lenye umbo la almasi, na vidokezo vyake vilikuwa vyepesi, vya kamusi. Kwa miaka kumi jambo hilo lilibaki la Wamarekani. Mwaka 1924 vijana wawili, Simon na Schuster, walianzisha kampuni ya vitabu, na kitabu chao cha kwanza kabisa kilikuwa mkusanyiko wa mafumbo hayo ukiuzwa pamoja na penseli. Kikawa moto wa kuotea mbali. Mwaka huohuo gazeti la Sunday Express likaingiza mchezo huo Uingereza. Gazeti la The Times la London, ambalo lilijiona ni mzee wa baraza, lilichapisha mwezi Desemba 1924 makala ya kuisikitikia Marekani kuwa imetiwa utumwani na mchezo wa miraba. Miaka mitano na ushei baadaye, tarehe 1 Februari 1930, mzee huyo naye alichapisha chemshabongo yake ya kwanza. Kwa nini? Kwa sababu Daily Telegraph walikuwa nayo tangu 1925, na wasomaji hawana uvumilivu. Mtunzi wa The Times alikuwa Adrian Bell, kijana mkulima na mwandishi wa riwaya, ambaye hapo kabla hakuwahi kutunga hata moja. Aliendelea na kazi hiyo hadi uzeeni.

Lakini aliyeligeuza fumbo kuwa fumbo hasa ni mtu mwingine. Jina lake Edward Powys Mathers, mshairi na mfasiri. Msomaji wa Kiswahili anamfahamu kwa mlango mwingine bila kujua, kwani ndiye aliyezileta kwa Kiingereza, kupitia tafsiri ya Kifaransa ya Mardrus, hadithi zile ambazo sisi tunaziita Alfu Lela Ulela. Kuanzia 1926 hadi alipofariki mwaka 1939 alitunga mafumbo 670 katika gazeti la Jumapili la The Observer. Vidokezo vyake vyote vilikuwa vya kificho, na mara nyingine alivitunga kwa vina kama mashairi. Mke wake, Rosamond, ndiye aliyekuwa akiyapanga majibu katika miraba, jambo ambalo wanaoandika historia hii hulitaja kwa sentensi moja na kupita. Nami nimelitaja kwa sentensi moja, lakini nalisisitiza.

Mathers alijiita Torquemada. Huyo Torquemada wa kweli alikuwa mkuu wa kwanza wa mahakama ya kidini ya Hispania katika karne ya 15, mahakama iliyojulikana kwa mateso. Sasa tujiulize kama wahakiki: mtunzi anapojibatiza jina la mtesaji, anatwambia nini kuhusu uhusiano wake na msomaji? Anatwambia kwamba msomaji ni mtuhumiwa. Na ndivyo alivyotunga. Vidokezo vyake vilitaka umesoma alivyosoma, ukumbuke alivyokumbuka, na mara nyingi vilitoa shahidi mmoja tu badala ya wawili. Aliyefumbua alifumbua, aliyeshindwa alijilaumu mwenyewe. Mwaka 1934 alikwenda mbali zaidi, akatunga hadithi ya upelelezi iitwayo Cain's Jawbone yenye kurasa 100 zilizochapishwa bila mpangilio. Msomaji azipange mwenyewe na aseme nani amemuua nani katika mauaji sita. Enzi zile walioiweza ni wawili. Ilipochapishwa upya mwaka 2019, mtu mmoja akaiweza mwaka 2020, naye ni mchekeshaji John Finnemore. Mimi ninamheshimu Torquemada kama tunavyoiheshimu ngome. Kuishi ndani yake ni habari nyingine.

Hapa nitapinda kidogo. Mwaka 1929, Cambridge, mwalimu I. A. Richards alichapisha kitabu kuhusu jaribio lake la kuwapa wanafunzi mashairi bila kuwatajia majina ya watunzi, ili aone wanasoma vipi. Mwaka 1930, mwaka uleule The Times walipoanza chemshabongo, mwanafunzi wake William Empson alichapisha kitabu cha aina saba za utata katika ushairi, kazi aliyoianza akiwa bado hajamaliza shahada ya kwanza. (Wenzangu wa mwaka wa tatu, tujikaze.) Sisemi kwamba chemshabongo ndiyo iliyozaa nadharia, wala kwamba nadharia ilizaa chemshabongo. Ninachosema ni kwamba katika nchi moja, muda mmoja, watu walianza kuona raha ya kusimama juu ya neno moja na kuuliza: hili lina maana ngapi? Profesa alifanya hivyo darasani na karani alifanya hivyo kwenye treni asubuhi, akiwa na penseli sikioni. Tukimsifu wa kwanza kwa kusoma kwa makini, kwa nini wa pili tumwite mpoteza muda?

Baada ya mtesaji alikuja afriti. Naam, afriti yuleyule wa hadithi zetu. Alistair Ferguson Ritchie alikuwa kasisi na mwalimu mkuu wa shule ya kanisa kuu la Wells, na katika jarida la The Listener alitunga kwa jina la Afrit, ambalo limo ndani ya jina lake ukiunganisha herufi za mwanzo za A. F. Ritchie. Mwaka 1949 alitoa kitabu cha mafumbo ambacho utangulizi wake uliweka msingi wa kila kitu kilichofuata. Nalieleza wazo lake kwa maneno yangu: mtunzi halazimiki kukusudia kile ambacho sentensi yake inaonekana kukisema, lakini kile anachokikusudia ni lazima kiwemo ndani ya sentensi, neno kwa neno. Udanganyifu ni ruksa. Uongo ni marufuku.

Ukilitafakari wazo hilo utaona ni zito. Ni kama afriti aliyefungwa chupani. Ana nguvu za kutisha, lakini anabanwa na maneno ya mkataba.

Mrithi wa Torquemada katika The Observer, kuanzia 1939 hadi kifo chake 1971, alikuwa Derrick Somerset Macnutt, mwalimu wa Kigiriki na Kilatini. Naye alichukua jina la mkuu mwingine wa mahakama ileile ya Hispania, Kardinali Ximenes. Jina ni la mtesaji lakini mtu alikuwa hakimu. Mwaka 1966 alichapisha kitabu juu ya sanaa ya chemshabongo, na ndani yake akaziweka sheria bayana. Nizionyeshe kwa kidokezo chetu cha makasi. Nikiandika samaki, chombo cha fundi nguo, bila neno la kuonyesha kwamba samaki anavurugwa, nimemdhulumu msomaji, kwani hana ishara ya kumwambia afanye nini. Nikiandika mkaaji wa bahari aliyevurugwa, chombo cha fundi nguo, nimemdhulumu tena, maana ninamtaka kwanza anadhani samaki yupi au pweza au nyangumi, kisha avuruge kitu asichokuwa nacho mkononi. Nikiandika samaki aliyevurugwa jana usiku, hayo maneno jana usiku hayafanyi kazi yoyote. Ni vijazio, kama yale maneno ya kukamilisha mizani ambayo mshairi mvivu huyamwaga mwishoni mwa mshororo. Kwa Ximenes kidokezo kizuri kina maana sahihi na mchezo wa haki, na zaidi ya hapo hakina kitu.

Mtu anayejua historia ya ushairi wetu atakuwa ameshaanza kutabasamu. Mwaka 1954 Sheikh Amri Abedi alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Ni miaka mitano baada ya Afrit na kumi na miwili kabla ya Ximenes. Hawakujuana, wala hapana haja ya kutafuta aliyemwiga mwenzake. Kilichopo ni kwamba katika pande zote mbili utanzu ulikuwa umekwenda magazetini, na utanzu ukishaingia gazetini watunzi wanakuwa wengi, wageni kwa wageni, hivyo kinahitajika kitu cha kuwaunganisha. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa washairi wa miji mbalimbali uwanja wa kuulizana na kujibizana kwa beti. Nani atahukumu jibu la mtu wa Tanga kwa swali la mtu wa Lindi kama hakuna sheria?

Lakini kwa maoni yangu sheria si sehemu bora ya kazi ya Ximenes. Bora ni uhakiki. Alikuwa akiendesha mashindano ambamo neno moja katika miraba liliachwa na maana tupu, na wafumbuzi walitakiwa kulitungia kidokezo chao wenyewe. Washindi walitangazwa, kisha ikatolewa karatasi iliyochapwa, iliyotumwa kwa waliojiandikisha, yenye vidokezo bora na maelezo yake: hiki kimeshinda kwa sababu gani, kile kimeanguka wapi. Mrithi wake Jonathan Crowther, aliyeanza mwaka 1972 kwa jina la Azed (ni Deza, mkuu mwingine wa mahakama ileile, akisomwa kutoka nyuma), aliurithi utaratibu huo pia. Jamani, hebu fikirini. Sentensi moja ya maneno sita au saba, na hakimu anaitazama kila neno: kwa nini umetumia wakati uliopo, kwa nini kiunganishi hiki, je, nomino hii inaweza kweli kufanya kazi ya kitenzi? Na anayehukumiwa ana haki ya kuandika barua kubisha. Nimekaa katika semina za uhakiki ambamo riwaya ya kurasa mia tatu ilimalizwa kwa dakika ishirini, dhamira tano na taswira tatu, tukatawanyika kwenda kula.

Karatasi zile zilizaa hata fasihi nyingine. Colin Dexter, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alikuwa mshindani wa kudumu katika mashindano ya The Observer. Riwaya yake ya kwanza ilipotoka mwaka 1975, mpelelezi wake aliitwa Morse na msaidizi wake Lewis. Morse ni jina la Jeremy Morse, mtu wa benki aliyekuwa mshindani wake hodari. Na Lewis limetokana na Bi. B. Lewis, jina ambalo mwanamke mmoja mshindani alikuwa akilitumia katika mashindano hayohayo. Mtu akitaka kuzihakiki riwaya zile bila kujua hayo, atatafuta ishara za majina hadi achoke.

Kuhusu vita nitapita haraka, ingawa watu hupenda kuanzia hapo. Mwezi Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph liliwaalika wasomaji kufumbua chemshabongo ofisini mwake kwa dakika 12, na baadaye baadhi ya waliofika waliitwa kufanya kazi ya kuvunja maandishi ya siri ya adui huko Bletchley. Sawa. Kilichonivutia zaidi kama mhakiki ni kile cha 1944. Mtunzi mmoja wa gazeti hilo alikuwa mwalimu mkuu, Leonard Dawe. Kati ya tarehe 2 Mei na 1 Juni yakatokea katika mafumbo majibu Utah, Omaha, Overlord, Mulberry na Neptune. Yote matano yalikuwa majina ya siri ya mpango wa kuvuka bahari kwenda Normandy, ambao ulitekelezwa tarehe 6 Juni. Maofisa wa usalama wakamwendea mwalimu. Wakamhoji, wakamwacha. Mwaka 1984 mwanafunzi wake wa zamani alieleza kwamba Dawe alizoea kuwapa wavulana miraba wajaze maneno, na kwamba yeye aliyasikia hayo kwa askari waliopiga kambi jirani. Kwa hiyo maneno yalikuwemo na siri ilikuwemo, ila nia haikuwemo. Miaka miwili baada ya mahojiano yale, Wimsatt na Beardsley wakachapisha Marekani makala yao maarufu ya kupinga uhakiki unaotafuta nia ya mtunzi. Sina hakika kama kuna mfano mzuri wa kufundishia mada hiyo kuliko ofisa wa usalama aliyesimama mlangoni kwa mwalimu mkuu akiwa na gazeti mkononi.

Turudi kwenye ugomvi. Sheria za Ximenes hazikumpendeza kila mtu. Kinara wa upande wa pili ni John Graham, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa 1921, aliyetunga katika gazeti la The Guardian kuanzia 1958 na akajulikana kwa jina la Araucaria. Talaka yake katika miaka ya 1970 ilimkosesha kazi ya kanisa, akaishi kwa kutunga mafumbo. Araucaria hakuwa mvunja sheria kwa ukaidi. Aliamini kwamba kama msomaji mwenye akili akifika na kufurahi, hakuna haja ya kumwuliza mtunzi cheti. Angeweza kulikata neno moja na kulisoma kama mawili, jambo ambalo Ximenes asingelikubali bila ishara. Ukiwaona hawa wawili unawaona Amri Abedi na Kezilahabi wa Kichomi (1974), na kila mmoja ana wafuasi wanaomdharau mwenziwe. Lakini tazama tofauti. Araucaria alipoziachia sheria, hakuliachia lile la Afrit. Mashahidi wawili walibaki. Usasa wake ulikuwa wa kulegeza kamba, si wa kuitupa chupa. Nami ndipo ninapowageukia baadhi ya washairi wetu wa leo, nisiowataja majina, ambao ukiwauliza shairi linasema nini wanakujibu kwamba kila msomaji ana jibu lake. Hiyo kwangu ni dhuluma kuliko ya Torquemada, kwa sababu mtesaji yule angalau alikuwa na jibu.

Januari 2013, akiwa na miaka 91, Araucaria alichapisha fumbo lenye maelezo mafupi juu yake kwamba yeye ana jibu la namba fulani la jibu la namba fulani, na anatibiwa kwa majibu ya namba fulani. Waliofumbua walipata saratani, wakapata umio, na tiba ya kupunguza maumivu. Wafumbuzi waliozoea kumpigia kelele za furaha mezani wakajikuta wameliandika wenyewe, herufi moja moja, kwa mkono wao. Alifariki tarehe 26 Novemba 2013. Kuna watu wanaosema fumbo ni njia ya kukwepa kusema. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969, akatunga gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki, na mamba wa shairi lake si mamba wa mtoni. Yeye alifumba kwa sababu kusema waziwazi ndiko kulikomtia ndani. Araucaria hakuwa na mtu wa kumfunga. Alifumba kwa kuwa hiyo ndiyo lugha aliyozungumza na wasomaji wake kwa zaidi ya miaka hamsini, na kuwaambia kwa lugha nyingine kungekuwa kama kuwaambia wageni.

Sasa lipo jambo linalonikera, na siwezi kulifunika. Haki hii ya Ximenes ni haki kwa nani? Mimi na mwenzangu wa chumbani tumefumbua mafumbo ya gazeti la Kiingereza la kila siku kwa miaka miwili, na naweza kusema mahali tunapokwama si kwenye akili. Baharia katika kidokezo anaweza kuwa herufi A na B, kwa kuwa ndivyo cheo chake kilivyofupishwa katika jeshi la majini la Mwingereza. Wahandisi ni R na E, kwa kikosi cha jeshi lao. Bata ni O, kwa kuwa katika kriketi anayetolewa bila alama husemwa amepata bata. Mambo haya hayamo katika sentensi. Yamo katika shule. Neno flower kusomwa kama kitu kinachotiririka, kwa hiyo mto, ni mchezo wa haki, kwani anayejua Kiingereza anaweza kuufikia peke yake. Bata wa kriketi haufikii mpaka uwe umerithi. Ximenes aliziba mianya ya sarufi kwa ustadi mkubwa, na uzio wa shule akauacha umesimama, nadhani kwa sababu alikuwa ndani yake na hakuuona.

Utasema kila fumbo lina wenyewe. Ni kweli. Nusu ya mafumbo ya Muyaka bin Haji yanafungwa kwa mtu asiyejua ugomvi wa Mazrui wa Mombasa na Sayyid Said, na ndiyo maana kazi ya Mohamed Abdulaziz ya mwaka 1979 ina thamani. Lakini Muyaka aliwafumbia watu wa mji wake. Gazeti linauzwa kwa kila mwenye senti.

Wengine wanasema Kiswahili hakifai kwa mchezo huu, eti maneno yetu yote yanaishia kwa irabu na miraba itajaa A tupu. Hili nalikataa. Kosa ni kuhesabu herufi. Wajapani huweka silabi moja katika kila mraba, na mambo yao yanakwenda. Sisi tuna mizani, tuliyoihesabu kwa vidole kabla ya gazeti lolote kufika. Na watoto wa pwani wana kinyume, lugha yao ya siri ambayo silabi zinageuzwa, wala hawajafundishwa na kardinali yeyote. Tumia jembe: ni mali iliyopinduliwa (mizani 2). Ma-li, li-ma. Katika herufi haiwezekani. Katika mizani inakuja yenyewe.

Nawaachia viwili. Cha kwanza: Pindua chakula, ndivyo kinavyofanywa (mizani 2). Cha pili: Ajira imepinduka, weka kaburini (mizani 2). Katika hicho cha pili mtu anaweza kunishtaki kwamba ninamtaka atafute kwanza neno jingine la ajira ndipo aligeuze. Najitetea: kugeuza kuna njia moja tu, kuvuruga kuna njia nyingi, na Ximenes alikataza la pili tu. Anayebisha alete hoja yake kwa mhariri kabla ya toleo lijalo, pamoja na kidokezo chake mwenyewe cha neno KARAMU, na aeleze kila neno ndani yake linafanya kazi gani.